Jiwe Lililolowekwa Siki

Jumamosi ile ukumbi wa shule moja ya Kenton, London, ulifurika watu waliokuja kununua mawe. Si dhahabu wala tanzanaiti. Mawe tu, yale ambayo kwetu mtu akijikwaa huyalaani akaenda zake. Mezani kulikuwa na konokono wa bahari walioganda na kuwa jiwe tangu kabla ya Adamu, meno ya papa wasiokuwepo tena, majani yaliyochapika kwenye mwamba, na wazee wa Kiingereza wenye makoti ya mvua wakiyageuza geuza kama wachagua nyanya. Vitu hivyo huitwa visukuku, na wako watu wazima wenye akili zao timamu wanaomaliza mishahara kwa kuvikusanya.

Winifrida hakuja kununua. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee huko Stanmore. Basi liliharibika njiani, abiria wakashushwa, mvua ikamkuta hana mwavuli, akaingia mlango wa kwanza aliouona wazi. Nyuma ya meza moja palikuwa na kiti kitupu. Akakaa, apumzike kidogo tu. Sare yake ya bluu ilichungulia chini ya koti la mtumba, mabutu ya nywele yamelowa, viatu vimevimba maji. Usingizi ukamchukua palepale, mdomo wazi, mbele ya umati wote ule.

"Excuse me, how much is this one?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani na sweta la kijani lililotiwa kiraka kwenye kiwiko. Mkononi alishika amonaiti, yule konokono wa kale aliyejiviringa, mzuri ajabu.

Winifrida akajibu bila kufumbua macho. "Nakuja, bibi, nakuja. Usishuke kitandani, utaanguka."

Yule bwana akasikia ni Kiswahili, akacheka. "Sishuki, dada. Lakini nimesimama hapa muda mrefu."

Macho yakafumbuka. "Wewe nani?"

"Thadei. Mteja wako."

"Mimi siuzi mawe."

"Mbona umekalia kiti cha muuzaji?"

"Kwa sababu nimechoka, kaka. Na wewe, mtu mzima, unanunuaje mawe? Kwenu hayako?"

"Kwetu Lindi yalikuwepo, tena mifupa ya majitu ya zamani. Wajerumani wakaichukua. Babu yangu ndiye aliyewabebea kichwani mpaka pwani. Sasa mimi nachukua ya Wazungu, tulipane."

Winifrida alicheka mpaka akasahau kwamba miguu inamuuma. Mwenye kiti akarudi na chai yake. Alikuwa Lila, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Akawatazama wote wawili. "Enhe, mmeelewana bei?" akauliza. Thadei akanunua amonaiti, akaomba na namba ya simu.

Wakapendana kwa zamu. Thadei alikuwa karani katika ofisi ya nyumba za manispaa, kazi ya mchana, ya kutukanwa na wapangaji. Winifrida alifanya kazi usiku, akiwageuza wazee vitandani wasipate vidonda. Yeye akirudi, mwenziwe anatoka. Mapenzi yao mengi yalipita kwenye simu, vocha zikiliwa hadi senti ya mwisho.

"Umekula, mama?"

"Nimekula usingizi kwenye basi. Wewe?"

"Nakula chipsi, natazama picha yako."

"Mwongo! Unatazama mawe."

"Natazama jiwe na picha, kwa zamu."

"Haya, nani mzuri?"

"Jiwe halinigombezi."

"Subiri nifike, nitakupiga nalo!"

Likizo yao ya kwanza pamoja walikwenda pwani ya Dorset, ambako bahari huila miamba na visukuku huanguka vyenyewe. Walilala kwenye basi kwenda, wakalala kurudi. Huko ufukweni, katikati ya baridi, Winifrida akaokota bonge la jiwe la kijivu, zito, lenye mchirizi wa mbavu ndogo ndogo pembeni. Thadei akalipokea kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba hizo ni mbavu za amonaiti, na yeye mwenyewe yumo ndani.

"Basi lifungue," Winifrida akasema.

"Nitalifungua."

"Lini?"

"Siku moja. Nikikosea likapasuka, je?"

Jiwe likawekwa dirishani mwa nyumba ya Thadei, Kingsbury, likaota ukungu. Mvua za mwaka ule zikapita, na za mwaka uliofuata. Na nikwambie ukweli kuhusu Thadei, maana sitaki umpende bure: alikuwa na kabati zima la visukuku, na vyote alivinunua vikiwa vimeshafunguliwa na watu wengine. Patasi alikuwa nayo, na nyundo, bado ziko kwenye boksi. Mtu asiyefungua kitu hakivunji. Ndivyo alivyoishi. Winifrida akigusia habari ya posa, alijibiwa, "Tutaongea, mpenzi." Na Winifrida hakuwa msichana tena. Alitaka mume, alitaka nyumba, na zaidi ya yote alitaka kulala usiku kama binadamu wengine, pembeni ya mtu wake. Yote hayo yalingoja aulizwe swali moja tu, la ndoa.

Ndipo shangazi yake, Bi. Irene, akapiga simu kutoka Reading. "Jumapili nakuja kuona huyo bwana anakaaje. Kwetu Bukoba shangazi ndiye anayetangulia kuiona nyumba. Nikiridhika, posa ije. Nisiporidhika, mnisikilize."

Winifrida akampelekea Thadei ujumbe huo. Thadei akasema, "Aje tu, karibu." Neno jepesi kama hilo! Winifrida akalichukua kuwa ndiyo.

Jumamosi Thadei akaenda mnadani kununua mawe yake, Winifrida akabaki kusafisha. Alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyohiyo, macho yanawaka. Akasugua bafu, akafua mapazia, akapanga kabati. Akalifikia jiwe la dirishani. Lina ukungu, lina ukoko mweupe, na shangazi ni mtu wa kanisani. Akiona jiwe chafu limewekwa dirishani peke yake kama la tambiko, atasema mwanangu umeangukia kwa mganga. Akakumbuka mabirika ya kazini. Maji ya London huacha magamba ya chokaa ndani ya birika, na kila wiki walikuwa wakiyalainisha kwa siki, magamba yanatoka yenyewe. Akashuka dukani kwa Mgujarati, Kingsbury Road, akarudi na chupa za siki. Akalitia jiwe ndooni. Likatoa povu jembamba, tsss. Winifrida akafurahi kwamba uchafu unatoka. Akajilaza kwenye kochi.

Aliamshwa na ukelele.

"Umefanya nini? Wini! Umefanya nini?"

Thadei alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, mikono inachuruzika siki. Zile mbavu pembeni mwa jiwe hazikuwepo tena. Amonaiti ni chokaa, na siki ilikuwa imemla.

"Nilikuwa nalisafisha, mpenzi. Shangazi..."

"Umelisafisha? Umeliua! Mmezoea kusugua vyoo vya watu, basi kila mnachokiona mnadhani choo!"

Thadei mwenyewe alisikia alichokisema, lakini neno likishatoka halirudi kinywani. Winifrida akavaa koti lake polepole, kifungo kwa kifungo.

"Lile jiwe nililiokota mimi, Thadei."

"Wini, sikuwa na maana..."

"Ulikuwa nayo. Shangazi nitamwambia asije."

Akaacha ufunguo juu ya kabati la visukuku, akatoka.

Thadei akaisogeza ndoo barazani asiione. Akapiga simu, haikupokelewa. Akaandika ujumbe, haukujibiwa. Alipokuja kupigiwa, siku kadhaa baadaye, alikuwa kazini na mpangaji anamfokea. Akamwacha mpangaji akakimbilia ngazini.

"Wini! Mpenzi wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe." Sauti yake ilikuwa ya chini, imechakaa. "Nimepiga kukuaga. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi narudi Bukoba."

"Kwa sababu ya jiwe?"

"Kwa sababu nimechoka. Nimechoka kugeuza watu, nimechoka kukungoja. Wewe unalo kabati lako."

Simu ikakatika. Thadei akakaa ngazini na suti yake ya ofisini. Kwa mara ya kwanza aliiona moyoni nyumba yake ilivyo: imejaa vitu vilivyokufa, na mtu hai aliyeifanyia usafi hayumo.

Jioni hiyo Lila akampigia kumwambia kwamba amepata trilobaiti nzuri za Moroko, visukuku vya wadudu wa kale wa baharini, tena za kweli, si zile za plasta. Thadei akasema hataki kitu. Akamweleza yote, na lile tusi pia. Lila akasonya sonyo refu la Kimwanza.

"Wewe hufai, baba. Na hilo jiwe umelitupa?"

"Liko ndooni."

"Mpaka leo? Sikia. Siki inakula chokaa, lakini mfupa, kama umo ndani, inauacha. Mwaga taratibu, utazame, ulioshe maji mengi. Halafu ukamtafute mtoto wa watu."

Akamwaga taratibu. Jiwe lilikuwa limenyong'onyea, limebaki nusu yake. Na kutoka ndani yake, palipokuwa pamefichwa chini ya amonaiti, palitokeza samaki. Taya jeusi linalong'aa, meno madogo yamepangika, magamba yamelaliana. Kwa nyundo angeviponda vyote. Bila nyundo asingemwona kamwe, maana hakuwa na nia ya kulifungua jiwe lile, na sasa alilijua hilo. Thadei akaketi sakafuni, harufu ya siki imejaa nyumba, akalia kwa kwikwi kama mtoto.

Jumapili alipanda treni kwenda Reading. Asubuhi ya pili yake alikuwa amesimama nje ya lango la nyumba ya wazee, Stanmore, amevaa suti, amekumbatia mfuko wa plastiki. Winifrida akatoka na wenzake wa zamu. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakukasirika wala hakutabasamu; akaanza kutembea kuelekea stesheni, na Thadei akamfuata.

"Unanuka siki," Winifrida akasema walipokwisha kukaa ndani ya treni.

"Jana nilikwenda kwa shangazi."

"Kwa Shangazi Irene? Nani kakutuma?"

"Nilijituma. Nilimwambia nilivyokutukana, neno kwa neno. Akaninyima chai. Kisha akanitoza faini ya mbuzi, kwa kumvunjia heshima binti yao. Nikauliza, Reading mbuzi nitampata wapi? Akasema hilo yeye halimhusu."

Mdomo wa Winifrida ukacheza pembeni, karibu acheke, lakini kucheka nako kunataka nguvu. Thadei akafungua mfuko, akakunjua taulo la jikoni, akamwekea jiwe mapajani. Winifrida akapitisha kidole juu ya lile taya.

"Ana meno," akasema.

"Alikuwa ndani siku zote."

"Kwa hiyo ulilifungua."

"Ulilifungua wewe. Mimi ningekufa nikiwa nalitazama."

Treni ikapita stesheni ya Canons Park. Winifrida akaegemeza kichwa kwenye bega la suti, macho yakaanza kujifumba. "Kama una la kuuliza, Thadei, uliza upesi. Sina muda, nalala."

Safari hii Thadei hakusema tutaongea. "Wini. Unioe... nikuoe. Utakubali nikuoe?"

Queensbury ikaja, milango ikafunguka, ikafungwa. Thadei alidhani amechelewa, mwenziwe ameshalala.

"Nimesikia," Winifrida akasema, akiwa amefumba macho. "Ndiyo. Lakini naenda Bukoba. Nitalala kwa mama mpaka nishibe usingizi. Sitaki kuolewa nikiwa nimechoka hivi. Wewe utanifuata, na mbuzi wa shangazi utanunua huko."

"Nitakuja."

"Usiseme siku moja."

"Tiketi nakata leo."

Pumzi za Winifrida zikawa ndefu, na mkono wake ukabaki juu ya samaki. Treni ikasimama Kingsbury, mtaa wa Thadei, ambako walitakiwa kuteremka. Thadei akaitazama milango ilivyofunguka, akautazama uso wa mpenzi wake, mdomo wazi, kama siku ile Kenton. Hakumwamsha. Milango ikajifunga, wakaendelea kwenda mjini.