Kilo Sitini Juu ya Mizani

Mizani ya Vihengeni ilianza kusema uongo siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, jua likiwa bado linaunguza mabati. Lori la mwisho lilikwishatoka getini. Daraja la chuma ambalo magari hupandia lilikuwa tupu, limebaki na vumbi la mahindi na njiwa wawili wanaodonoa. Generoza, karani wa mizani, akainua macho kwenye kioo kungoja sifuri apate kufunga. Kioo kikasoma kilo sitini.

Akabonyeza kitufe, sifuri ikaja. Kabla hajaondoa kidole, sitini ikarudi. Nje kule njiwa wakaruka wote kwa pamoja.

"Mahindi yamejaa chini ya chuma," alisema Simioni, msimamizi wa kituo, mtu mwenye jibu la kila kitu. Wakafagia, wakamwaga maji, wakapaka grisi. Jumatano saa kumi, sitini. Alhamisi saa kumi, sitini.

Vihengeni ni pale kwenye barabara ya Tarime kwenda Sirari, penye vihenge vinne vya bati virefu kuliko kanisa lolote la wilaya. Mahindi ya Ringwani na Kisaka huingia hapo yakiwa kwenye magunia, hutoka yakiwa yamemwagwa kwenye semitrela, tani thelathini thelathini, kuvuka mpaka. Watu wa maneno husema makampuni yananyonya. Haya, waseme. Mkulima aliyezoea kupimiwa na mlanguzi kwa debe lililotanuliwa ubavu ndiye anayejua raha ya kupimiwa na mashine isiyomjua baba yake wala mama yake. Kampuni ilichimba kisima nje ya ukuta, ikajenga madarasa mawili, ikaajiri wapakiaji zaidi ya mia. Getini kuna akina mama ambao watoto wao wamevaa sare za shule kwa uji na chapati za pale pale. Mizani ikiharibika Vihengeni, si nyumba moja inayolala na njaa.

Lakini Generoza alikuwa na sababu yake ya kuiogopa ile sitini, na hakumwambia mtu.

Mwaka wa kwanza wa kituo, yeye na mumewe Faustine walipanda juu ya daraja lile kwa utani. Mizani ya magari haihesabu kilo moja moja, huruka ishirini ishirini. Faustine alisimama peke yake, ikasoma sitini. Generoza akapanda naye, ikasoma mia na ishirini. "Umeona?" Faustine alicheka. "Chuma chenyewe kimesema hakuna aliyemzidi mwenzake. Siku ukinitishia nitakuleta hapa."

Faustine alikuwa mtu wa Biharamulo. Dhahabu ndiyo iliyomleta Tarime, na alichoambulia ni sugu za mikono. Ndugu za Generoza kule Kisaka hawakumtaka. "Aliyeletwa na dhahabu ataondolewa na dhahabu," walisema, na walisema mbele yake. Vihengeni alipewa kazi ya kuingia ndani ya vihenge kwa juu, kuvunja mahindi yaliyogandamana. Kazi mbaya ile. Mahindi yakiwa na shimo chini humeza mtu mzima, na kadiri anavyopapatika ndivyo anavyozama. Kwa hiyo mke na mume walijiwekea kanuni, na baadaye kituo kizima kikaifuata: kila alasiri Faustine akishashuka, anagonga ubavu wa kihenge kwa nyundo mara tatu, na karani wa mizani, ambaye dirisha lake linatazama vihenge, hafungi ofisi mpaka asikie. Ngo, ngo, ngo. Nimeshuka salama.

Miezi minane kabla ya ile Jumanne, Jumamosi moja asubuhi, waligombana. Faustine alikuwa amesikia Chunya kumetoka dhahabu. "Miezi mitatu tu, Generoza. Nikirudi tunaezeka."

"Nenda," alisema Generoza. "Ila ukienda, usirudi kunigongea."

Ulimi hauna mfupa. Siku nzima hawakusemezana. Saa kumi kasoro robo Generoza alizima mashine, akafunga ofisi, akaenda zake bila kusikia nyundo, ili na yeye Faustine ajue uchungu wa kupuuzwa. Jioni ile wapakiaji walimwaga mahindi ya mwisho ndani ya kihenge namba tatu mpaka kikajaa, wakakifunga kwa lakiri kungojea kibali cha kupeleka nje. Faustine hakurudi nyumbani. Simu yake haikupatikana. Nguo zake zilikuwa zimening'inia palepale, lakini watu walisema mwanamume anayekimbilia dhahabu habebi matambara. Ndugu wa Kisaka walikuja kumpa pole kwa sauti za watu walioshinda. Naye Generoza akachagua kuamini. Aliyeko Chunya ni mzima, na mtu mzima unaweza kumchukia kila siku.

Baada ya mizani ikafuata harufu. Ilikuwa harufu ya togwa iliyochacha, iliyochanganyika na jasho, nayo ilitembea: ikitoka upande wa kihenge cha tatu, ikipita kwenye daraja, ikisimama chini ya dirisha la Generoza kama mtu anayengoja kuhudumiwa. Kisha zikaja sauti. Wapakiaji wa mchana walisikia kihenge cha tatu kikigongwa kwa ndani, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Mmoja wao alishuka ngazi mbio, akaacha viatu vyake juu, na hakuvifuata. Habari ikafika vijijini kabla ya jua kuzama. Wiki iliyofuata matrekta ya Ringwani yaligeuzia njiani, wazee wakisema hawawezi kulisha jini kwa jasho lao. Getini chapati zikapoa kwenye makarai.

Ijumaa ya wiki hiyo, Generoza alimwendea Mzee Mseti, mlinzi wa geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uingie ofisini uniangalizie kioo. Nataka kupanda mwenyewe."

Mzee Mseti aliingia. Generoza alivua kandambili, akatembea hadi katikati ya daraja, akasimama. Chuma kilikuwa cha moto chini ya nyayo zake, upepo ulikuwa umekata, na hapo ndipo harufu ile ya togwa ilipomjia, si kwa mbali kama siku zote bali kwenye shingo, kwenye sikio la kushoto, upande ambao Faustine alizoea kulala, na akasikia punje za mahindi zikidondoka moja moja juu ya chuma nyuma yake, tiki, tiki, tiki, kama zinazokung'utwa kutoka kwenye nguo za mtu aliyetoka kazini, na hakugeuka, alikaza macho dirishani ambako uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi.

"Generoza," Mzee Mseti aliita kwa sauti ya chini sana. "Umepanda na nani?"

"Peke yangu."

"Hapa inasema mia na ishirini. Shuka, mwanangu. Shuka taratibu, usikimbie."

Simioni hakungoja lingine. Kesho yake alimleta Hamidu, fundi cherehani wa Tarime mjini, mzaliwa wa Pangani, mtu mpole asiye na kibao wala tangazo, ambaye wenye majini humfuata dukani na kumkuta akishona sare. Alikuja na chetezo, ubani na bakuli la maji. Watu walijaa uwanjani: wapakiaji, akina mama wa getini, wakulima kutoka Kisaka waliokuja kuona kama mahindi yao yana kesho. Hamidu hakuwasha moto. Kwanza aliuliza.

"Jamani, nataka neno la kweli. Kuna mtu aliyefia hapa, au aliyepotelea hapa? Jini namfukuza, ndiyo kazi. Lakini maiti anayetafuta kwao hafukuzwi. Huyo anaitwa kwa jina lake, anasindikizwa mpaka nyumbani. Nikimfukuza, nitakuwa nimefanya jambo nisiloweza kulirudisha."

"Hakuna," alisema Simioni upesi.

"Hakuna," walisema wapakiaji.

Hamidu alimgeukia Generoza, kwa kuwa alikwishaambiwa habari za ile mia na ishirini. "Na wewe, mama?"

Watu wote walimtazama. Moyo wa Generoza ulijua. Uongo wa nini? Ulijua tangu ile Jumanne. Lakini kusema ndiyo kulikuwa ni kusema nilifunga ofisi sikusikia nyundo. Kulikuwa ni kumtoa Faustine Chunya, kwenye dhahabu na wanawake wake, alikokuwa hai, na kumwua kwa mdomo mbele ya watu.

"Hakuna aliyefia hapa," alisema. "Kuna aliyeondoka."

Basi Hamidu akawasha. Juu ya daraja lilisimama semitrela la Godwin, dereva wa ng'ambo, limejaa, likingoja kutoka, na Hamidu akasema hilo ndilo liwe njia. Alisoma kwa muda mrefu. Moshi ulijikusanya juu ya kihenge cha tatu, na ndani yake kukaanza kugongwa, tatu, tatu, tatu, kwa haraka ya mtu aliyeona mlango unafungwa, na wanawake wakashikana, na sauti ya Hamidu ikapanda ikimwamuru atoke, avuke mpaka, asiusogelee tena ukuta ule wala mtu yeyote wa ukuta ule, ikimwapisha kwa majina makubwa, hata ghafla kugonga kukakoma. Generoza alikuwa amerudi ofisini; kwenye kioo mbele yake, uzito wa lori ukaongezeka kilo sitini.

"Fungua geti!" alipaza Simioni.

Godwin akaondoa gari. Lilipopita chini ya dirisha, Generoza alisikia ubavu wa bodi ukigongwa, taratibu sasa, kama mtu anayeaga. Ngo. Ngo. Ngo. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, lakini hakuliita jina. Lori likashika barabara ya Sirari. Mizani ikarudi sifuri. Vigelegele vikapigwa uwanja mzima, uji ukagawiwa bure, na mkulima mmoja wa Kisaka akambeba Simioni mabegani.

Jumatatu kibali kilifika. Kihenge cha tatu kikafunguliwa kwa chini, mahindi yakamwagika siku mbili. Jumatano yakakwama. Aliyeingia kuzibua alitoka, akakaa chini, akaonyesha kwa kidole. Kwanza ilionekana buti. Faustine alikuwa ameegemea ukuta, mkono mmoja umeinuliwa, nyundo bado ikiwa ndani ya vidole. Mbele ya ile nyundo bati lilikuwa limebonyea kwa ndani, vishimo vidogo vingi, vimepangwa vitatu vitatu, vitatu vitatu. Alizama hadi kifuani, akagonga. Alingoja mtu wa dirishani asikie. Kisha jioni yakamwagwa mahindi mengine juu yake.

Simioni alivua kofia. Generoza hakulia pale. Alipitisha kidole kwenye vishimo kimoja kimoja mpaka walipomwondoa.

Walimzika Kisaka, na ndugu waliomsema ndio waliochimba kaburi. Hamidu alikuja, akasimama nyuma ya watu. Generoza alimfuata, akampigia magoti udongoni.

"Mwite arudi. Alikuwa mume wangu. Nilikudanganya, adhabu nipe mimi. Mwite tu."

Hamidu alijaribu kumwinua, akashindwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akilia. "Nimemwita siku tatu usiku, mama. Nilimwapisha asiwasogelee watu wa hapa. Anakiheshimu kiapo. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni, eti?"

Usiku huo huo Generoza alimpigia simu Godwin.

"Dada, hata mimi nilikuwa nataka kukupigia," alisema Godwin. "Hiyo kitu ilikuwa kwa gari yangu. Kisii mizani inasema sitini juu. Nakuru nikamwaga mahindi yote, bado sitini. Na inagonga kwa bodi. Inagonga tatu, inanyamaza, ni kama inangoja mtu aijibu."

"Bado yuko? Godwin, bado yuko nawe?"

"Hapana. Nilibeba saruji kwenda Busia, wakati wa kurudi mizani ikawa sawa. Alishuka."

"Alishukia wapi?"

"Sijui, dada. Nilishukuru Mungu. Sikuuliza."

Generoza alirudi kazini arobaini ilipokwisha. Matrekta ya Ringwani yamejaa tena, chapati za getini haziwahi kupoa, na hakuna anayenusa togwa. Kila siku saa kumi alasiri yeye huvua kandambili, hutembea hadi katikati ya daraja, husimama akiacha nafasi upande wa kushoto. Mzee Mseti huingia ofisini bila kuombwa.

"Mzee, inasoma ngapi?"

Mzee Mseti huinamia kioo, hukaa kidogo. "Mia na ishirini, mwanangu."

Miaka mitano Generoza amekuwa karani wa mizani. Anajua uso wa mtu anayesoma namba na uso wa mtu anayeitunga. "Asante, mzee," husema, huku akivaa kandambili zake. Kisha hurudi dirishani, hukaa na ufunguo mapajani, akitazama upande wa Sirari mpaka giza linaingia, kwa sababu kanuni ni kanuni, naye bado hajasikia.