Diski Iliyojiita NIPO

Haya yalimkuta shemeji yangu, mke wa kaka, yule wanayemwita Mkasi. Na kabla hujaanza kubisha, jua kwamba hiyo diski nimeiona kwa macho yangu haya mawili. Ningekuwa na la tatu, nalo lingetoa ushahidi.

Mkasi anaediti video za harusi, na hana mpinzani kuanzia hapa mpaka dunia inapoishia. Bi harusi anaweza kununa tangu saluni, lakini kwenye video ya Mkasi anacheka mpaka jino la mwisho. Kuna mjomba mmoja alilala ukumbini kuanzia keki mpaka zawadi. Ukimwona kwenye video utaapa ndiye aliyekuwa mshereheshaji.

Kazi zake zote zilikaa kwenye diski za nje, hizi za kuchomeka kwa waya, na kila diski aliipa jina la ndugu. Shangazi ilikuwa nzito, ya polepole, haisahau kitu. Mjomba ilikuwa ya kelele, ikianza kuzunguka meza nzima inatetemeka. Na alikuwa na sheria moja ambayo hata kuku wa jirani waliijua kwa moyo: kazi moja, kopi tatu, na ya tatu isilale nyumba moja na wenzake.

Basi wiki hiyo Shangazi ikajaa. Siku hiyohiyo Mjomba ikaanguka kutoka mezani. Alipoichomeka ikafanya tik, tik, tik, kama mtu anayesikitika, halafu ikanyamaza moja kwa moja. Harusi ya mafaili mia nne na kumi na mbili inatafuta pa kulala, na mpiga kamera kasimama mlangoni anadai kadi zake za kamera, kesho ana kazi nyingine. Hapo Mkasi akafanya kosa ambalo mwenzake angelifanya, yeye angemcheka mwaka mzima. Akakimbilia kwa muuza nyaya wa pale kona, akachukua diski iliyotumika.

“Mwenyewe yuko wapi?” aliuliza.

“Yupo,” muuza nyaya akajibu, huku anafunga mfuko.

“Wapi?”

“Yupo tu, dada. Wewe chukua mali.”

Alipoichomeka, jina likatokea kwenye kioo: NIPO. Diski ya mtu unaifuta yote kwanza, unaipa jina lako, ndipo unaitumia. Ni kazi ya dakika moja. Mkasi akacheka. “Upo? Haya, karibu.” Akaiacha na jina lake, akaimwagia harusi nzima; kopi nyingine mbili akasema zitasubiri.

Ndiyo. Aliikaribisha kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku ya tisa baada ya harusi, baba wa bi harusi akafariki. Wiki mbili baadaye, asubuhi, bi harusi akapiga simu.

“Da Mkasi, hotuba ya baba ipo?”

“Ipo, mdogo wangu.”

“Maana sina sauti yake popote. Hata simu yake ilipotelea hospitali.”

“Njoo saa kumi. Utamsikia mpaka umchoke.”

Mkasi aliyajua hayo maumivu. Mama yake mwenyewe aliondoka bila kuacha sauti hata ya sekunde moja. Na kadi za kamera zilikuwa zimesharekodiwa juu, harusi ya watu wengine kabisa. Hotuba ile ilikuwa sehemu moja tu duniani.

Akafungua NIPO saa tatu asubuhi, jua kali, chai mkononi. Mafaili mia nne na kumi na mbili, yametimia. Akafungua la mwisho, lile la maharusi wakipunga mikono garini.

Maharusi hawakuwemo. Kulikuwa na uso wa mwanamke anayekunywa chai, umechukuliwa kutoka pale mezani. Kutoka pale ilipokaa diski.

Ulikuwa uso wake.

Na nyuma yake, mlangoni, amesimama mtu mrefu wa shati jeupe.

Akageuka. Mlango mtupu. Kurudi kwenye kioo, faili la 411 nalo limebadilika. Uso wake tena, safari hii umeshtuka. Yule mtu amefika kabatini.

Akageuka tena. Hakuna kitu. Akafungua la 410.

Amefika kwenye meza ya pasi.

Mtu mwingine hapo angeshavuka mipaka ya nchi saba bila viatu. Mkasi akazima kompyuta, akachomoa waya, akamalizia chai yake, akapiga hesabu. Kila akigeuka, jamaa anasogea hatua, na harusi inaliwa faili moja kutoka mwisho. Hotuba ya baba ilikuwa faili la 408. Kwa hiyo alibakiwa na kugeuka mara moja. Mara ya pili, mzee wa watu anamezwa.

“Wewe,” aliiambia diski, “unajua umeingia kwenye kazi ya nani?”

Akachukua mkoba. Safari hii hakwenda kona. Alikwenda kwenye duka lenye kaunta na karatasi ya dhamana, akamkuta mama mwenye duka.

“Nataka diski isiyozunguka ndani,” alisema. “Za kuzunguka ukiziangusha zinakufa na siri zako. Iwe ya kasi, isichemke kama sufuria, na boksi nilifungue mimi. Halafu naipima hapahapa.”

“Hapahapa?”

“Zipo zimeandikwa tera mbili, ndani hata nyimbo kumi hazienei.”

Akatoa kompyuta yake ya mkononi palepale kaunta, akaijaza ile diski mafaili makubwa, akayatoa, akayacheza mwanzo mpaka mwisho. Wateja wakapanga foleni mpaka nje, mmoja nadhani ndevu zilimwota pale.

“Dada,” mama wa duka akashindwa kuvumilia, “unanunua diski au unachumbia?”

“Mume nilimchunguza dakika tano, na ona yaliyonikuta. Huyu nampa saa nzima.”

Kaka yangu akisikia hilo hucheka, lakini si sana.

Saa nane alikuwa amerudi mezani. Akafuta diski mpya, akabandika juu yake kipande cha plasta nyeupe, akachukua maka peni akaandika HUPO. Akazichomeka zote mbili. Akaanza na hotuba. Kompyuta ikasema dakika kumi na tisa, maana baba yule alihutubia nusu saa na zaidi, nusu yake akisimulia jinsi binti alivyoota meno.

Dakika ya kwanza, mlango ukajifunga kwa kishindo. Akageuka kabla hajafikiri.

Faili la 409 likaondoka.

“Hiyo moja nimekupa,” alisema. “Nyingine hupati.”

Akakamata meza kwa mikono miwili, macho mbele.

Dakika ya tano, kiti cha wageni kikalia nyuma yake. Kama kimekaliwa. Mtu mzito.

Dakika ya tisa, pumzi. Shingoni. Ya baridi.

“Da Mkasi,” sauti ikanong'ona. Ya bi harusi. “Nimefika.”

“Wageni wangu hupiga hodi.”

Diski inakoroma. Kwenye kioo, mstari unatambaa kama kobe mwenye jipu.

Dakika ya kumi na nne, sauti nyingine. Ya mwanamke mzima. Ya kukwaruza kidogo, kama ya mtu aliyetoka kupuliza moto.

“Mwanangu. Geuka nikuone.”

Mkasi akafumba macho. Miaka kumi na moja hajaisikia sauti ile. Machozi yakashuka yenyewe, hakuyafuta. Shingo ilitaka kugeuka. Aliibana kwa mikono yake kama mtu anayezuia mlango.

“Mwanangu.”

“Mama yangu,” alisema taratibu, “hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita we mtoto. Ukimwigiza mtu, mwigize vizuri. Mimi ndiye mhariri hapa. Kibaya nakata.”

Kiti kikasukumwa. Vidole vikashika mgongo wa kiti chake. Alivihisi. Vitano. Halafu cha sita.

“Hata viwe kumi na saba,” alisema, meno yanagongana. “Sigeuki.”

Hakugeuka.

Kompyuta ikatoa mlio. Imekamilika.

Akafunga kila kitu kilichokuwa wazi. Akabofya kuitoa ile diski ya kwanza kwa usalama, kama alivyozoea miaka yote. Kompyuta ikaandika: *NIPO haiwezi kuondolewa. Bado inatumika.*

Na nani? Hakukuwa na programu hata moja iliyo wazi.

Mkasi, ambaye hajawahi kuchomoa diski bila kuaga, ambaye alishagombana na kaka yangu wiki mbili kwa kosa hilohilo, akaushika waya. Akauvuta.

Pumzi ikakatika. Mlango ukafunguka wenyewe, polepole.

Saa kumi bi harusi alikaa kwenye kile kiti cha wageni, akamsikia baba yake kuanzia jino la kwanza mpaka baraka ya mwisho. Alilia, akacheka, akaomba arudishiwe mwanzo mara nne. Kisha akajishika mikono. “Kiti chako mbona cha baridi hivi, da Mkasi?”

“Kina matatizo yake,” Mkasi akajibu. Jioni hiyohiyo alitengeneza kopi tatu za hotuba, harusi iliyobaki akaisamehe. NIPO aliipiga nyundo mpaka majirani wakadhani tunajenga ghorofa.

Asubuhi iliyofuata, chini ya neno lake kwenye ile plasta, palikuwa na neno jingine, kwa mwandiko wa kulala: NIPO.

Akachukua maka peni. Chini yake akaandika HUPO.

Kesho yake, NIPO. Akaandika HUPO. Wamekwenda hivyo miezi. Plasta ikajaa, akaongeza nyingine, ikazunguka mpaka upande wa pili wa diski. Nilimwambia aitupe hiyo diski. “Kazi yangu iko humu,” alisema. “Atupwe yeye.”

Mpaka juzi. Nilikuwepo. Tuliingia pamoja, akaiokota diski. Neno la mwisho kwenye plasta, chini ya HUPO yake ya jana, lilikuwa HUPO nyingine. Wino mbichi, na mwandiko ni wake mwenyewe, mpaka ule mkia wa P.

Na yeye alikuwa hajaandika kitu.

Alitazama mikono yake. Akanitazama mimi, kama anayehakikisha kwamba namwona. Kisha akavuta maka peni, akang'oa kifuniko kwa meno, akaandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya plasta:

NIPO.