Shuka Ndani ya Mashine ya Mama

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada, na mtu asitarajie nitoe chozi. Kwetu tulimpachika jina la Bwana Najua. Umeme anajua, dawa anajua, hata uchungu wa mkewe aliujua kuliko mkunga. Kitu kimoja tu hakukijua: kufua leso yake mwenyewe.

Jumamosi hiyo nilifika kwao asubuhi, jua limeshajaa uani. Dada alikuwa anakunja nguo. Bwana Najua alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kufulia, bisibisi mkononi, jasho linamtoka. Ilikuwa mashine ya zamani, nzito, yenye mlango wa kioo cha duara. Mali ya marehemu mama yake.

Iliharibika mama akiwa kitandani, mgonjwa. Ubovu wenyewe ulikuwa vali ya kuingizia maji, kidude kinachoenea kiganjani. Mama akamsihi, "Mwanangu, itengeneze, mkeo anaumia." Maana mashuka ya mgonjwa dada aliyafua kwa mkono, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka na kutoa damu. Bwana Najua akajibu palepale mlangoni, "Vitu vizee havitengenezwi, mama. Vinasubiriwa vife."

Nilikuwepo. Mama alilishika shuka lake. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mashine yangu haitoki humu ndani mpaka ufue shuka langu kwa mikono yako."

Bwana Najua alicheka. Mama alipofariki, shuka alilofia, jeupe lenye pindo la bluu alilolishona mwenyewe, akalitupa jalalani pamoja na godoro. Niliona gari la taka likilibeba.

Sasa mnajiuliza, bisibisi ya nini tena? Bosi wake alikuja kutoa pole, akaiona mashine, akaisifia. Ni mtu wa kupenda vitu vya kale. Na ofisini cheo cha mkuu wa idara kilikuwa wazi. Basi Bwana Najua akaahidi kumzawadia hiyo mashine, tena ikiwa inafanya kazi. Kumbe mikono alikuwa nayo siku zote. Ilikuwa inamsubiri bosi.

"Si ungeita fundi?" nilimuuliza.

"Fundi wa nini? Shemeji, kaa hapo ujifunze."

Alifunga bomba, akachomoa waya ukutani, akafungua mpira wa maji. Akaitoa vali. Mdomoni mwake mna chujio dogo la kuzuia mchanga wa bomba usiingie ndani. Kwenye chujio palining'inia uzi. Akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena, ukazidi kuja, mrefu kuliko mkono wake. Ulikuwa wa bluu.

Mimi si fundi, lakini hata mimi nilijua kwamba nguo hazifiki pale. Pale hufika maji ya bomba tu.

"Uchafu wa mabomba," akasema, akaukata kwa koleo. Dada aliuokota, akautazama, akaenda kukaa mbali na mashine.

Vali mpya ikafungwa. Akaijaribu: maji yakaingia, yakakatika yanapotakiwa. Siwezi kumnyima haki yake, aliiweza. Akayatoa maji yote, akafunga bomba, akachomoa waya, akafungua mpira. Kisha akaenda kubadilisha shati, kwa kuwa bosi alikuwa njiani na gari la mizigo.

Ndipo tukasikia maji yakiingia.

Waya ulikuwa sakafuni. Mpira ulikuwa sakafuni, mkavu. Maji yakapanda kwenye kioo. Hayakuwa safi. Kitu cheupe kikageuka ndani yake, polepole. Kikagusa kioo. Kina pindo la bluu.

Honi ikalia nje.

Bosi aliingia na wabeba mizigo, wanaume wanaobeba makabati huku wanapiga soga. Wakainama, wakakaza mishipa. Mashine haikutikisika. Wakajaribu tena. Mmoja wao akachungulia kwenye kioo, akarudi nyuma, akatoka nje moja kwa moja bila kuaga.

"Tatizo ni nini?" bosi akauliza.

"Hakuna, mzee, hakuna," Bwana Najua akasema. Shati limeshamlowa.

Dada akamsogelea. "Fua," akanong'ona.

"Nifue nini?"

"Unajua."

Bwana Najua akakunja mikono ya shati. Akatazama kioo. Akamtazama bosi. Akafungua mlango wa mashine.

Maji hayakumwagika. Yalisimama pale mlangoni, wima, yakimsubiri. Ilibidi azamishe mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akalitoa shuka.

Alifua kwenye beseni, mbele yetu sote, amepiga magoti, analia. Na alifua vibaya, mjinga yule, anapapasa tu. Kila akisema limetakata, maji yanaingia weusi. Hakuna aliyemsaidia. Dada alitaka, nilimshika mkono.

Lilipotakata, alilianika. Wanaume wawili wakaibeba mashine kama kapu tupu. Ndani ilikuwa kavu. Jioni tulikuta vibanio tu kwenye kamba.

Asubuhi vidole vya dada vilikuwa laini, bila kovu. Nilivikagua kimoja kimoja, tukalia pamoja.

Cheo? Alikipata, akakikalia muda mfupi. Kila karatasi aliyotia sahihi ililowa, wino ukachuruzika. Vidole vyake vimekunjamana mpaka leo, kama vya mtu aliyetoka kufua sasa hivi, na havikauki, apanguse asipanguse. Akinipa mkono wa salamu naupokea, kwa adabu tu. Kisha najifuta kwenye gauni, na harufu inayobaki ni ya sabuni ya mche aliyokuwa akiitumia mama yake.