Mwandishi Aliyetiwa Koponi

Wino ulikuwa wa moto. Hapo ndipo Iwase Tokuji alipopaswa kushtuka, lakini mtu mzima ovyo yule alichovya kalamu, akajipangusa kidole, akasema labda ni mvuke wa chemchemi za maji moto zinazopita chini ya nyumba. Wino gani unapata moto kama damu ya kuku aliyechinjwa sasa hivi, na birika la chai lililo pembeni yake limepoa?

Iwase alikuwa mtunzi wa riwaya za mauaji, na sisi wa huku Izu tulizisoma mno. Mhariri wake, Bwana Funaki, alikuwa amemtia koponi. Ndivyo wanavyosema wenyewe kule Tokyo: mwandishi akizidi uvivu, anafungiwa katika nyumba ya wageni kama samaki wa kopo, chakula analetewa mlangoni, hatoki mpaka hadithi iishe. Funaki alikodi kwa Mama Otsune chumba cha ghorofani chenye mlango mzito wa mbao, akatia komeo kwa nje, naye akashuka zake chini kunywa sake, pombe ya mchele. Wala simlaumu kwa hilo, maana Iwase alikuwa mwongo wa kutupwa. Ili aruhusiwe kutoka, alikwisha kumzika shangazi yake mara tatu, na shangazi mwenyewe yuko sokoni anauza tofu.

Basi mchana huo, mvua inanyesha, Iwase kakaa mbele ya karatasi tupu anakuna kichwa, harufu ikaingia. Harufu ya meno yaliyooza. Kisha akasikia kalamu inakwaruza karatasi, kwaru, kwaru, na yake kaishika mkononi, imetulia. Kabla hajageuka, kofi likamshukia sikioni hata akaona nyota.

"Andika," ikasema sauti, karibu kabisa, kama ya mtu aliyelaza kidevu begani mwake.

Akaandika. Nani asingeandika? Aliandika habari za mjane anayevunjwa mkono na mwizi, na kwa uvivu wake wa siku zote akaweka: alisikia maumivu makali.

"Maumivu gani?" sauti ikauliza.

"Ma... makali tu."

Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kikashikwa, kikakunjwa kwa nyuma, polepole, mpaka kikalia. Iwase akazirai. Alipozinduka aliifuta ile sentensi, akaandika jinsi ganzi inavyotangulia maumivu, na jinsi mtu anavyokitazama kiungo chake kama cha mtu mwingine. Jini likaridhika, likawa linapumua tu kisogoni mwake.

Funaki aliposoma kurasa hizo alirukaruka kwa furaha. "Mwalimu!" akaita, maana ndivyo waandishi wanavyoitwa kwao. "Miaka yote hii kazi kama hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Nitoe, Bwana Funaki," Iwase akanong'ona kwenye ufa wa mlango. "Humu kuna kitu. Kinanipiga. Tazama kidole changu."

"Umejibana mlangoni nikuonee huruma. Leo si shangazi tena, leo ni jini! Makubwa haya."

Mama Otsune, mwenye nyumba, alimvuta Funaki pembeni pale ngazini. "Mfungulie, Bwana, nakusihi. Enzi za baba mkwe wangu kuna mwandishi alifungiwa humo humo, hadithi ikamshinda. Walimkuta amekufa, hana jino hata moja kinywani. Nilikwambia chukua chumba kingine, ukaning'ang'ania."

"Mama, hadithi hutoka makalioni," Funaki akacheka. "Mtu anakaa, anaandika. Hakuna uchawi hapo."

Lo, binadamu! Iwase akiandika aliungua, maji ya birika yanachemka yenyewe na kummwagikia mapajani. Akiandika alitokwa damu, mdomo unapasuka. Na kila alichopata aliandika, na kila alichoandika kilikuwa kizuri kuliko cha jana, na Funaki akawa anapokea kurasa zenye matone ya damu, anazipuliza zikauke, anazituma Tokyo kwa treni zikachapwe gazetini, mpaka ikabaki sura moja tu, sura ambayo nchi nzima iliisubiri, ya polisi anayepigwa hadi kufa ndani ya chumba kilichofungwa.

Iwase akaanza kuugonga mlango kwa kichwa. "Simuui! Nikimuua huyu polisi litaniuliza, na nitajibu nini mimi? Nitakufa humu, Bwana Funaki!"

Funaki akapanda kwa hasira, akafungua. Akamkuta Iwase amejikunyata, jicho limeziba, shati limegandamana na mgongo, na bado moyo wake haukulainika. Akaketi kwenye mto wa mwandishi. "Sentensi moja tu inakutoa roho? Lete kalamu, nikuonyeshe." Akaandika: Polisi alikufa.

Harufu ikaja. Iwase akatambaa nje kwa magoti, akausukuma mlango, na mkono wake ukalisukuma komeo kabla hajafikiri.

"Alikufaje?" sauti ikauliza mle ndani, kwa upole.

"Nani huyo? Mwalimu, acha mzaha wako."

"Alikufaje?"

Funaki hakuwahi kutunga hata mstari mmoja maishani mwake, na kishindo cha kwanza kikautikisa ukuta, kikafuata cha pili, na kilio kikaanza juu kikashuka kikawa mkoromo, na kucha zikawa zinaparua mbao kwa chini, na kila alipovuta pumzi apige yowe sauti ile ilimkatiza ikimuuliza tena, na kitu kikarushwa dari na sakafu, dari na sakafu, mpaka damu ikapita chini ya mlango ikayalowanisha magoti ya Iwase.

Mama Otsune akaja mbio. "Fungua, Mwalimu! Mtu anakufa humo!"

Komeo lilikuwa mbele ya pua ya Iwase. Akalishika. Mle ndani mfupa ukavunjika, na katika riwaya zake zote mifupa ilivunjika kama kuni kavu, na huu haukulia hivyo hata kidogo. Akaliachia komeo. Akachomoa penseli aliyozoea kuichomeka nyuma ya sikio, akailamba ncha, akaanza kuandika juu ya kiambaza cha ujiani, maana viambaza vyetu ni vya karatasi, haraka haraka.

Mama Otsune akalirukia komeo huku akipiga mayowe. Iwase akamsukuma kwa bega, Mama akaanguka, naye wala hakumtazama.

"Nyamaza kidogo, Mama," akasema, sikio lake limegandamizwa mlangoni. "Sisikii vizuri."