Malkia Kizuizini

"Nguo zimekauka?"

"Bado. Zinaanuliwa leo, saa kumi."

"Nani anaanua?"

"Mwenyewe."

Upande wa pili wa simu, Mkuu wa Upelelezi alishusha pumzi. Kobe alimsikia. Alikuwa amejifungia kwenye choo cha kituo cha mafuta, kiatu cha kushoto mkononi, maana kile kisimu chake cha Nokia kilikuwa kinaishi ndani ya soli.

Mwenyewe ni Mgeni. Hilo ndilo jina pekee walilokuwa nalo, wala hakuna askari aliyewahi kumtia machoni. Mara mbili polisi walikamata mzigo wake wa baruti, wakapiga nao picha, wakapongezana. Mara ya tatu mzigo ukapita, na stesheni ya treni ikalipuka na watu wake. Safari hii alitakiwa mtu, si mzigo.

"Mkuu, vikosi vingine vimeambiwa? Njiani kuna vizuizi."

"Hakuna aliyeambiwa. Mabomu, mbwa, barabarani, majini, kila kikosi kina mdomo wake. Wewe fika tu."

"Wakitusimamisha?"

"Utajua mwenyewe."

Ndiyo hivyo. Vikosi vya jiji lile viliishi kama wake wenza: ua mmoja, salamu za asubuhi, na kila mmoja na sufuria yake. Kobe alivaa kiatu, akavuta maji ambayo hayakutoka, akarudi kwenye lori lao la Fuso.

Alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaisha. Miezi yote hiyo alikuwa utingo, akipakia makatoni ya sabuni juu ya vitu ambavyo si sabuni, na kucheka vichekesho vya dereva mwenye roho mbaya.

"Ulikuwa unazaa huko?" dereva aliuliza. Kichwa chake kiling'aa kwa jasho. Kila mtu alimwita Kipara.

"Tumbo, kaka."

"Una tumbo la kitoto."

Kobe alicheka. Ilikuwa sehemu ya kazi.

Kizuizi kilikuwa mbele ya daraja.

Koni, misumari barabarani, sajenti mnene mwenye filimbi. Na pembeni yake, koplo wa kike ameshika kamba ya mbwa.

Kobe alivuta kofia yake hadi kwenye nyusi.

Yule mbwa alikuwa Malkia. Kobe ndiye aliyemlea tangu akiwa kitoto, enzi zake za kikosi cha mbwa, kabla upelelezi haujamchukua. Koplo alirithi kamba baada yake, hawakuwahi kukutana. Mwisho wa mwezi Malkia alikuwa anastaafu, na kikosi kilishamwahidi Kobe atampeleka kwake. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa kimya mno. Alishanunua hadi godoro dogo la kumwekea sebuleni.

"Shukeni!" sajenti alisema.

Walishuka.

Mbwa wa mabomu habweki. Akinusa baruti anakaa chini, basi. Akikaa, gari halisogei tena. Na gari lisipofika saa kumi, Mgeni anayeyuka, na stesheni nyingine inakuja.

Malkia alianzia nyuma, pua chini. Tairi la kwanza. La pili.

Halafu upepo ukageuka.

Aliinua kichwa. Akaivuta kamba hadi koplo akapepesuka, akamfikia Kobe, akampandia kifuani kwa miguu miwili. Alikuwa analia ile sauti nyembamba ya furaha. Mkia ulikuwa unapiga mlango wa Fuso.

"Huyu mbwa anakujua wewe?" Kipara aliuliza polepole.

Mkono wake ulishaingia chini ya shati. Humo mlikuwa na bastola ya Glock, na Kobe alijua imejaa.

Kuna sheria moja ya kikosi cha mbwa ambayo hakuna mhuni anayeijua. Mbwa akipigwa kazini, anaondolewa kazini papo hapo, maana pua ya mbwa mwenye maumivu haiaminiki. Kobe alikuwa ameifundisha sheria hiyo kwa miaka.

Alimtazama Malkia machoni. Akamsukuma chini.

Akampiga teke la mbavu.

Si teke la kuigiza. La kuigiza Kipara angelijua.

Malkia alilia, akarudi nyuma akichechemea. Koplo alipiga magoti, akamkumbatia. "Mnyama wewe! Amekukosea nini?"

"Mtoe huyo! Mimi na mbwa hatupatani!"

Sajenti alimzaba makofi mawili ya nguvu. Kobe aliyapokea vizuri tu, akatamani hata la tatu. Koplo alimbeba Malkia hadi kwenye gari lao. Sajenti akafungua katoni la juu, akaona sabuni, akasikia honi za foleni nyuma, akachoka.

"Ondokeni hapa."

Kipara alicheka hadi wakavuka daraja. "Nilidhani wewe ni mwenzao, ujue! Nilishaanza kukuhurumia."

Kobe alicheka pia. Mdomo ulikuwa na damu.

Saa kumi, gereji ya matairi. Mgeni alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alijipinda mwenyewe, akatoa sabuni moja moja, akagusa baruti iliyokuwa chini.

"Nzuri," alisema.

Kobe alibonyeza kifungo cha kofia yake, kilichoficha redio ndogo. "Anueni."

Lango lilianguka ndani. Kikosi maalumu cha upelelezi kiliingia na bunduki za MP5. Kipara alichomoa bastola, akapigwa risasi ya bega. Mgeni alikimbilia rimoti ya kulipulia iliyokuwa mezani. Kobe akamuwahi kwa mpini wa jeki, na mfupa wa kiganja ukasikika ukivunjika.

Ilikwisha upesi kuliko foleni ya darajani.

Gereji ilihitaji kupekuliwa. Mbwa mwingine wa mabomu alikuwa uwanja wa ndege, hivyo daktari wa wanyama alimkagua Malkia, akamruhusu. Aliingia na koplo wake. Alipita mbele ya Kobe kama anavyopita mbele ya nguzo, akaenda kukaa kando ya makatoni. Kazi safi.

Koplo alikuwa ameshaambiwa. "Afande. Kumbe ni wewe."

Kobe alichuchumaa. Akanyoosha mkono, akapiga ule mluzi mdogo wa nyumbani.

Malkia alijificha nyuma ya miguu ya koplo. Alikuwa anatetemeka.

Iliuma. Iliuma kuliko makofi, kuliko ile miezi yote, na Kobe hakuwa na pa kuuweka uchungu ule.

"Atasahau, Afande. Mpe muda."

"Mwisho wa mwezi mchukue wewe."

"Lakini wameniambia wewe ndiye..."

"Mchukue. Mvua ikinyesha lala naye chumba kimoja, anaogopa radi."

Mkuu wa Upelelezi alikuwa anakuja na mkono wa pongezi umetangulia. Kobe aliupokea, akamkabidhi kofia na simu, akatoka langoni taratibu, mikono mifukoni, bila kugeuka. Askari wawili vijana walimpisha njia.

"Huyo ndiye Kobe," mmoja alinong'ona. "Hana moyo kabisa yule."