Meno Kwenye Sabuni

Shoga yangu aliolewa na mjuaji, mwanamume wa kucheka kila asichokijua, na ni huyo huyo bwege aliyempeleka makumbusho ya bandari ya zamani, mtoto mgongoni. Mtunzaji akawaonyesha timazi la mabaharia, pande la risasi lenye kamba ndefu, chini limepakwa sabuni ili likigusa sakafu ya bahari lipande na mchanga. Kando pana shimo walilopimia kina, ila bahari ilishafukiwa, sasa halifiki pima mbili.

"Bwana, shimo hilo hatupimi," mtunzaji akamwonya mume.

"Mtu mzima unaogopa kifusi!" Mjuaji akabetua midomo, akalishusha timazi shimoni.

Kamba ikaenda tu, ikikwaruza gizani, kwaru, kwaru, mpaka ikamwishia mkononi, na wala hawakusikia kugota. Kisha huko chini kitu kikaivuta, kidogo kidogo, kama mtoto anavyonyonya.

Wakalipandisha. Lilikuwa kavu, na kwenye sabuni pana alama za meno mawili madogo. Shoga yangu, ambaye mwanawe ana mawili tu, akamshusha mgongoni mbio mbio. Mtoto amelala fofofo, midomo imejaa povu la sabuni.