Punje Iliyoonekana kwenye Picha ya Jino

Kila asubuhi pale kwenye kambi ya wakimbizi, Kaneza alitafuna kwa shavu la kulia, maana jino la kushoto lilikuwa na hasira kuliko mwalimu wa hesabu. Darasani alikaa dawati la nyuma, peke yake. Pua yake ilinuka.

"Kaneza, umeficha samaki mgebuka humo?" wenzake walimtania. Alicheka nao, kisha akageukia ukuta.

Jumanne moja nyogokuru, yaani bibi yake Skolastika, alipata kibali cha kutoka kambini. Wakaenda hospitali mjini Kigoma, jino likapigwa picha. Daktari Mwinshehe akaiinua picha dirishani, akaisogeza karibu na macho. Kaneza akaanza kuchezesha miguu.

"Jino limeoza, hilo nililitarajia," daktari akasema. "Lakini hiki cheupe huku puani sikukiagiza. Huenda ni uvimbe. Bibi, itabidi aende Mwanza, pengine apasuliwe."

Bibi akatoa rozari yake. Vidole vikapita kutoka punje hadi punje, vikafika kwenye fundo la uzi, mahali palipopungua punje moja tangu mwaka waliovuka kutoka Burundi. Siku rozari ilipokatika alichapwa Bonfils, kaka yake Kaneza, kwa kosa la kuikata.

Kaneza akatazama mlango, akatazama dari, akatazama viatu vya daktari. Akisema, fimbo ya miaka saba iliyopita itamrudia yeye. Akinyamaza, Mwanza na kisu.

"Si uvimbe!" likamtoka. "Nyogokuru, ni punje yako. Rozari niliikata mimi. Nikaificha punje puani, ikagoma kutoka."

"Weye! Na Bonfils je?"

"Nilimsingizia."

Daktari akamulika tochi puani, akaingiza kichuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akavuta taratibu. Punje ikatoka imevaa koti la chokaa, na harufu yake ikamfanya muuguzi akumbuke ghafla kwamba ana kazi nje.

"Pua ikinuka upande mmoja tu, binti, hayo si mafua," daktari akasema. "Sema mapema. Haya, sasa zamu ya jino."

Jino lilipong'olewa, bibi alikuwa anacheka huku anafuta machozi.

"Picha imeona punje, mjukuu wangu, lakini haikusema nani alichapwa bure. Hilo umelisema wewe, ndiyo maana hatuendi Mwanza. Ukweli usingoje upigwe picha. Twende, ukamwambie Bonfils mwenyewe."

Kaneza akavuta pumzi kwa matundu yote mawili, akatangulia mlangoni.